Daftari lililosomwa mara ya pili: kisa cha tafakuri iliyorudishwa

Tafakuri ya kwanza ilikuwa ukurasa mmoja na nusu, mwandiko safi, na ilirudi bila alama. Chini ya aya ya mwisho mwalimu aliandika kwa penseli neno moja na alama ya kuuliza: "Umelisoma?"

Aliyeulizwa ni mwanafunzi wa kidato cha tano, mchepuo wa HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza. Darasa lao la fasihi lilikuwa na kazi ya muhula mzima: kila mmoja ana kauntabuku ya kwaya mbili (daftari nene), kila wiki anaandika ingizo moja lisilopungua nusu ukurasa juu ya alichosoma, kiwe shairi, tamthilia au ngano aliyosimuliwa nyumbani. Wiki ya kufunga anaandika tafakuri juu ya daftari lenyewe. Kisa ni cha mfano na mwanafunzi hana jina, ila makosa yake atayatambua mwalimu yeyote aliyewahi kubeba madaftari arobaini nyumbani siku ya Ijumaa.

Hiki ndicho kiini cha tafakuri iliyorudishwa: "Daftari hili limenisaidia sana. Mwanzoni sikuwa najua kuchambua kazi za fasihi lakini sasa najua. Nimejifunza mambo mengi kuhusu fani na maudhui. Changamoto niliyokutana nayo ni muda kuwa mdogo, pia kuna wiki nilikuwa mvivu. Napendekeza walimu waendelee na utaratibu huu."

Lugha haina tatizo. Tatizo ni kwamba hakuna sentensi hata moja iliyohitaji daftari kufunguliwa. Ukiikata aya hii ukaibandika kwenye kazi ya jirani yake wa dawati, itakaa vizuri tu. Na mpangilio wake una asili inayojulikana: mafanikio, changamoto, mapendekezo. Huo ni mpangilio wa taarifa ya klabu ya mazingira. Mwanafunzi alipotakiwa kuandika juu ya kazi aliyoifanya, alichukua umbo la karibu analolijua, akalijaza. Neno hili "kujaza" tutalirudia, kwa sababu ndilo lililoharibu daftari lenyewe pia.

"Lakini mwalimu, si nimeeleza nilichojifunza?"

"Umeeleza. Kiko ukurasa wa ngapi?"

Hakuwa na jibu. Akapewa siku nne na maelekezo mafupi: kwanza hesabu, halafu ndipo useme.

Kuhesabu

Maingizo yalikuwa 12. Aliyapa namba, akachukua kalamu nyekundu, na kando ya kila sentensi akaandika herufi moja. M ikiwa sentensi inasimulia kilichotokea. L ikiwa inabandika lebo, kwa mfano "ametumia tashibiha" (kufananisha kwa neno kama "mithili ya"), kisha inaondoka. F ikiwa inatoa funzo. U ikiwa inaonyesha ushahidi, yaani inashika neno au tendo fulani katika kazi na kusema linafanya nini. S ikiwa inauliza. Kazi yote inaingia kwenye vipindi viwili vya dakika 40, na haitaki akili nyingi. Inataka ukweli, maana kishawishi cha kuiita L kuwa U ni kikubwa. Kipimo ni hiki: ukifuta jina la mbinu, sentensi inabaki na kitu? "Ametumia tashibiha kuipamba kazi yake" ikifutwa neno tashibiha inabaki maganda. Hiyo ni L.

Sentensi zilikuwa 118. M zilikuwa 64, L 31, F 17. U na S kwa pamoja zilikuwa 6.

Hapo tayari ana jambo la kusema ambalo jirani yake hawezi kuliazima. Zaidi ya nusu ya daftari la uchambuzi ni usimulizi. Lakini hesabu peke yake haijibu kwa nini, na mwanafunzi anayeishia kwenye namba ataandika tu kwamba alisimulia sana na atajitahidi apunguze, maneno ambayo ni ungamo jingine. Ilibidi achague ingizo moja alisome kama anavyosoma shairi. Alichagua la 4.

Ingizo la 4

Wiki hiyo darasa lilipewa ubeti mmoja uliotungwa na mwalimu kwa ajili ya zoezi:

Mlango umefungika, na taa yawaka ndani,
Mgeni nimeshafika, nabisha hodi nyumbani,
Vicheko vinasikika, wala jibu silioni,
Kwetu kumebadilika, au ni mimi mgeni?

Naye akaandika: "Hili ni shairi la kimapokeo. Muundo wake ni tarbia kwa kuwa lina mishororo minne. Mizani ni 15 hivyo mshairi amekiuka kanuni. Vina vya kati ni ka na vya mwisho ni ni. Kibwagizo ni mshororo wa mwisho. Ametumia taswira ya taa. Dhamira yake ni ukarimu. Mshairi anatufundisha tuwe tunawafungulia wageni."

Tuanze na mizani, yaani idadi ya silabi katika mshororo, maana hapa kosa lina sababu inayoshikika. Mwanafunzi alihesabu irabu. Njia hiyo hufanya kazi karibu kila mahali katika Kiswahili, kwa kuwa silabi zetu nyingi huishia na irabu, na ndiyo maana watu huizoea. Inakwama kwenye m inayosimama yenyewe. Mlango si mla-ngo, ni m-la-ngo, mizani 3. Mgeni ni m-ge-ni, 3. Lakini ndani ni nda-ni, 2, na nyumbani ni nyu-mba-ni, 3, kwa sababu nd na mb hapo zimeungana na irabu inayofuata. Maneno mafupi kama nchi na mbu yana mizani 2 kila moja, nazali yake (n au m ya mwanzo) ikibeba mkazo. Mfano unaofaa kubandikwa ukutani ni mbuni: ndege ana mizani 2, mbuni wa mitindo ana 3.

Ukihesabu irabu tu, mshororo wa kwanza unapata 15, wa pili 15, wa nne 15. Wa tatu hauna m ya aina hiyo, kwa hiyo unapata 16 kwa njia yoyote. Maana yake mwanafunzi alihesabu mshororo wa kwanza, akasimama, akamshitaki mtunzi. Angefika wa tatu angeona hesabu zinagongana, angeshuku njia yake. Kila mshororo una 16, kama desturi inavyotaka, yaani 8 kwenye ukwapi (nusu ya kwanza) na 8 kwenye utao (nusu ya pili). Kuna aibu ndogo hapa inayofaa kubaki kwenye tafakuri: ukikuta kosa la arudhi (kanuni za utunzi wa shairi) katika mshororo mmoja, hesabu yote kabla ya kumwandikia mtunzi hukumu.

Kibwagizo nacho alikitaja bila msingi. Kibwagizo kinajulikana kwa kurudiwa ubeti baada ya ubeti. Ubeti ukiwa mmoja, kuna mshororo wa mwisho tu. Tarbia alipata, vina alipata.

Sasa dhamira. "Ukarimu" ilitoka wapi? Ilitoka kwenye neno mgeni, na neno hilo likameza mengine yote. Lakini mtu anayebisha kwa wenyewe hasemi anabisha hodi "nyumbani", wala haiiti nyumba hiyo "kwetu". Huyu amerudi kwao. Kinachouma si kwamba watu wa ndani ni wachoyo; ni kwamba aliyerudi hajui tena aitweje. Funzo la kuwafungulia wageni halina mahali pa kukaa humo.

Na hapa ndipo daftari lilipotoa kitu ambacho hesabu isingekitoa. Pembeni mwa ukurasa, kwa mwandiko mdogo, kulikuwa na sentensi iliyokatwa kwa mstari mmoja: "mbona anajiita mgeni kama ni kwao?"

Alikuwa ameliona. Swali zuri kuliko yote katika maingizo 12 aliliandika mwenyewe wiki ya nne, kisha akalikata.

Kwa nini alilikata

Jibu la haraka ni kwamba hakujiamini. Si uongo, lakini halisaidii mtu. Jibu lenye faida liko kwenye umbo la maingizo. Kila ingizo la shairi katika daftari lake lina mfuatano uleule: muundo, mtindo, matumizi ya lugha, dhamira, ujumbe. La tamthilia lina muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha, kisha dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa. Hivyo ni vichwa vya notsi, na ndivyo vinavyotumika darasani kugawa fani (namna kazi ilivyoundwa) na maudhui (inachosema). Swali la "mbona" halina kichwa chake. Si muundo, si mtindo, wala bado si dhamira. Mwanafunzi aliyezoea kujaza vichwa alikuta ana kitu mkononi na hana pa kukiweka, akakiona ni uchafu.

Hatuoni sababu ya kuvilaumu vichwa. Vinamsaidia mtahiniwa asisahau kipengele, na mwalimu mwenye wanafunzi wengi hawezi kufundisha bila orodha ya namna hiyo. Kosa ni kuvitanguliza. Vichwa ni vya kupangia ulichokipata. Ukivifanya vya kutafutia, utapata kile tu kinachoingia ndani yake. Katika daftari hili vilitumika hivyo mara 11 kati ya 12.

Swali lile likiachwa liishi, linavuta mengine. Kwa nini "umefungika" na si "umefungwa"? Katika umefungwa yuko mtu aliyefunga, hata kama hatajwi. Katika umefungika hayupo; mlango umekuwa hivyo. Wengi watajibu kwamba ni kwa ajili ya kina tu, umefungwa haiishii na ka. Ni kweli, ila mtunzi ndiye aliyechagua kina. Alichagua kinachovuta vitenzi kwenye kauli ya kutendeka, na kwenye ukwapi wa mishororo mitatu tunapata umefungika, vinasikika, kumebadilika: mambo yaliyotokea bila mtendaji. Kitenzi kimoja kati ya vinne kina mtu wake, nacho ni nimeshafika. Nyumba haimfukuzi aliyerudi. Imebadilika tu, na hakuna wa kulaumiwa, jambo ambalo kwa aliyesimama nje ni gumu zaidi kulibeba.

Tusizidishe. "Jibu silioni" lisitafutiwe falsafa ya macho na masikio. Kusema huoni jibu ni usemi wa kila siku. Mwanafunzi anayegundua kwamba neno moja lina uzito hupata ulevi fulani, akaanza kuupima uzito wa kila silabi. Dawa ni kujiuliza neno hilo lingebadilishwa kwa jirani yake, maana ingehama? Umefungika ikiwa umefungwa, inahama. Silioni ikiwa silipati, haihami sana.

Maingizo mengine, kwa kifupi

La 7 lilihusu tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, iliyochapishwa 1969. Aliandika: "Kinjeketile aliwadanganya watu kwamba maji yatawakinga na risasi. Alinyongwa na Wajerumani 1905. Mwandishi anatufundisha tusiamini ushirikina." Sentensi tatu, watu watatu, na wote wamefanywa mmoja. Kuna mtu wa historia, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, ambaye kweli alinyongwa Agosti 1905 vita vya Maji Maji vikiwa ndiyo vimeanza, vikaendelea hadi 1907. Kuna mhusika, ambaye mwandishi mwenyewe alieleza kuwa ni wa kubuni na si picha ya mtu yule. Na kuna mwandishi, ambaye tamthilia yake ilitoka miaka minane baada ya uhuru wa Tanganyika. Chanzo cha mchanganyiko huu si uzembe. Mwanafunzi wa HKL anaisoma vita hiyohiyo kwenye Historia, na tarehe zilivuka kutoka daftari moja hadi jingine bila kubisha hodi. Kwenye Historia tarehe ile ni ushahidi. Kwenye fasihi, ushahidi ni kile kinachosemwa na kutendwa jukwaani, na jukwaani mhusika anaingiwa na shaka juu ya maneno yaliyotoka kinywani mwake mwenyewe, kisha mwishoni, mbele ya Wajerumani, anakataa kuyakana. Mtu anayetaka kutumia neno "aliwadanganya" lazima apambane na tukio hilo. Ingizo la 7 halikulitaja.

Katika yale 12, neno "anatufundisha" lipo ndani ya 9. Hilo nalo alilihesabu, na lilikuwa ugunduzi wake mwenyewe.

La 10 ni ngano ya bibi yake. Alisimulia kisa chote kuanzia mwanzo hadi mwisho, M tupu, asiandike nani walikuwepo, usiku au mchana, wapi bibi alibadili sauti, wapi watoto walidakia. "Paukwa" na "Pakawa" zimo, lakini kama pambo la kufungulia. Fasihi simulizi ikiandikwa bila hadhira inabaki muhtasari, na usimulizi ule ukishapita hauna ukurasa wa kurudia. Hili halikuweza kurekebishwa kwenye tafakuri; aliweza kulitaja tu na kueleza ni nini kilichopotea.

Tafakuri ya pili

Iliyoletwa siku ya nne ilikuwa fupi kidogo kuliko ya kwanza. Sehemu yake ya katikati inasomeka hivi:

"Ingizo la 4 lina sentensi 8 na hakuna hata moja inayotaja neno 'nyumbani' wala 'kwetu', ingawa ndiyo maneno niliyoyashangaa. Najua niliyashangaa kwa sababu pembeni niliuliza mbona anajiita mgeni kama ni kwao, kisha nikakata. Nilikata kwa kuwa nilikuwa nimeshaandika dhamira ni ukarimu, na swali langu lilikuwa linaiharibu. Nilichagua dhamira nikaliacha shairi. Ukurasa wa 31, kwenye tamthilia, nimefanya jambo hilohilo: nimeandika 'aliwadanganya' kabla ya kufika mwisho wa mchezo, na mwisho ulipokataa sikurudi kurekebisha."

Sentensi ya tatu ndiyo iliyobeba kazi. Haisemi alikuwa mvivu, haimsifu mwalimu, wala haiahidi chochote. Inaeleza mpangilio wa matukio kichwani mwake: dhamira ilitangulia, swali likafuata, dhamira ikalifukuza swali. Halafu anaonyesha mwendo uleule ukurasa wa 31, na hapo tabia ya usomaji inathibitika, maana jambo likionekana mara moja tu linaweza kuwa bahati mbaya.

Kisha aliliandika upya ingizo la 4, mistari saba, akianza na lile swali. Mizani aliihesabu mishororo yote minne. Neno ukarimu halimo.

Kasoro zilibaki. Aya yake juu ya umefungika inasema kauli ya kutendeka "huonyesha huzuni". Haionyeshi huzuni, inaficha mtendaji, na huzuni, kama ipo, inatokana na mahali ilipotumika. Nguo imechanika, maziwa yamemwagika, hakuna anayelia. Aidha hakugusa maingizo ya 11 na 12, ambayo yana U mbili na S moja, yaani nusu ya zile sita. Kuna kitu kilianza kubadilika mwishoni mwa muhula, na tafakuri inayotafuta makosa tu ilikipita. Hili hutokea sana kwa wanaorudishiwa kazi: wanahamia kwenye kujishitaki, na mahali walipofanya vizuri wanapaona kama pa kunyamazia.

Kwa mwalimu anayetaka kuigawa kazi hii kwa alama 20, mgawanyo unaolingana na uzito wake ni alama 8 kwa ushahidi wenye namba za ukurasa, 6 kwa maelezo ya sababu, 4 kwa ingizo lililoandikwa upya, na 2 kwa lugha. Sababu zisipewe alama nyingi kuliko ushahidi, la sivyo darasa zima litajifunza kubuni sababu za kuvutia. Usomaji wa nakala moja huchukua dakika 10 hivi ikiwa herufi za pembeni zipo, na zaidi ya mara mbili ikiwa hazipo, kwa hiyo tafakuri isiyo na herufi irudishwe hapohapo bila kusomwa.

Kwenye daftari la muhula uliofuata mwanafunzi alichora pambizo ya sentimita 5 badala ya 2 na akaiacha iwe ya maswali. Masharti yake ni mawili. Vichwa vya fani na maudhui visiandikwe mpaka pambizo iwe na swali walau moja. Na likikatwa neno, likatwe kwa mstari mmoja unaosomeka chini yake, korekta (wino mweupe wa kufutia) isiguse daftari. Lile swali la wiki ya nne lilisalimika kwa sababu siku hiyo korekta ilikuwa imeisha.